Kutoka Koleo hadi Kijiko: Historia ya Zana za Mkono za Kuziba Meno katika Njia ya Misafara ya Tabora

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya zana za mkono zinazotumiwa kutia na kuchonga vizibo vya meno, ikichukua Tabora na njia ya zamani ya misafara ya magharibi mwa Tanzania kuwa uwanja wa uchunguzi. Hoja yake ni kwamba kilichochelewesha uzibaji wa meno katika ukanda huu si uhaba wa mikono yenye ustadi wala woga wa chuma mdomoni. Sababu iko katika uhusiano wa vitu vitatu: mata ya kuzibia, zana iliyodaiwa na mata hiyo, na njia ya kuifikisha zana kwa mgonjwa. Kwa zaidi ya karne moja uhusiano huo ulilipa koleo nafasi ya kwanza. Mbinu ya kuziba kwa zana za mkono pekee, iliyoanza kujaribiwa nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980, iliuvunja kwa nadharia. Kwa vitendo, kazi hiyo bado haijakamilika.

1.0 Utangulizi

Historia ya tiba katika Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata magonjwa makubwa: ndui, malale, malaria, ukoma na, katika miongo ya karibuni, UKIMWI. Jino halikupata nafasi kubwa katika maandishi hayo. Haliui watu wengi, na anayeugua leo huenda akawa amepona kesho kwa kung'olewa. Hata hivyo, jino lililong'olewa kwa mtu mzima halirudi. Idadi ya meno yaliyopotea ambayo yangeweza kuokolewa ni kipimo kizuri cha namna huduma za afya zilivyomfikia, au zilivyomkosa, mtu wa kawaida.

Kwa kipimo hicho, Tabora ni mahali pafaapo pa kuanzia. Mji huu, ulioitwa Kazeh na wasafiri wa karne ya 19, ulikuwa makutano ya njia kuu iliyotoka Bagamoyo, ikagawanyika kuelekea Ujiji magharibi na Karagwe na Buganda kaskazini. Kila kilichofika Tabora kutoka pwani kabla ya mwaka 1912 kilifika kwa miguu ya watu, hasa juu ya mabega na vichwa vya wapagazi wa Kinyamwezi. Kwa hiyo zana ya tiba ilipaswa kwanza kukubalika kuwa mzigo.

2.0 Chuma na Meno katika Unyanyembe

Dhana kwamba watu wa bara hawakuwa na desturi ya kushughulikia meno kwa chuma kabla ya kuja kwa wageni haina msingi. Wasafiri waliopita Unyanyembe katika karne ya 19, akiwamo Richard Burton aliyefika Kazeh pamoja na John Speke tarehe 7 Novemba 1857, waliandika kwamba Wanyamwezi walichonga kingo za ndani za meno mawili ya mbele ya juu hadi kukawa na pengo la pembetatu. Makabila mengine yaling'oa baadhi ya meno ya mbele ya chini, na mengine yalichonga meno yawe na ncha. Desturi hiyo ilidumu hadi karne ya 20. Julius Nyerere, aliyeingia Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa kwa desturi ya Wazanaki, na picha zake za utu uzima zinalithibitisha hilo.

Kazi hiyo ilidai ujuzi mahususi. Enameli ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika mwili wa binadamu, lakini hupasuka kwa kufuata nyuzi zake ikigongwa vibaya. Mchongaji alipaswa kujua pembe ya kuweka patasi, nguvu ya pigo, na mahali pa kusimama kabla ya kufikia sehemu hai ya jino. Ukanda huu pia haukuwa na upungufu wa wahunzi. Majembe ya chuma yaliyofuliwa magharibi na kaskazini mwa Unyamwezi yaliuzwa mbali na kutumika kama mahari na kama kipimo cha thamani. Mikono na chuma vilikuwapo.

Uchongaji wa desturi ulikusudia kupunguza jino. Haukukusudia kurudisha sehemu iliyoliwa na ugonjwa. Kwa jino lenye tundu, tiba ilikuwa ya mitishamba, kama mizizi ya mtunguja iliyotafunwa au kuwekwa mahali panapouma, na mwisho wake ulikuwa kung'oa. Kiswahili chenyewe kinahifadhi tofauti hii. Kitenzi kuchonga kilitumika kwa meno ya urembo na alama ya ukoo muda mrefu kabla hakijatumika kwa kizibo, ilhali kuziba kilikuwa kitenzi cha mtungi unaovuja na paa linalopitisha mvua.

3.0 Safari, Maradhi ya Meno na Uzito wa Mzigo

Wageni waliofika kwa misafara hawakuwa na hali bora kuliko wenyeji. Mfano unaojulikana sana ni wa David Livingstone, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu aliyehitimu. Akiwa Manyema, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, aliandika kwamba mahindi magumu na vyakula vingine vya kutafunwa kwa shida vilimvunja na kumlegeza meno. Alieleza pia jinsi ya kuyang'oa: uzi imara ulifungwa kwenye jino, ncha ya pili ikafungwa kwenye kisiki, kisha uzi ukapigwa kwa kitu kizito. Henry Morton Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871 aliona hali ya meno hayo, akaitaja miongoni mwa dalili za mateso ya safari. Wawili hao walisafiri pamoja hadi Kwihara, karibu na Tabora, na Livingstone akabaki huko hadi Agosti 1872 akisubiri watu na vifaa. Vifaa hivyo vilipofika, hakuna kilichoweza kuziba jino.

Mfano huu una maana zaidi ya kisa cha mtu mmoja. Mwaka huohuo wa 1871, James Beall Morrison wa Marekani alipata hataza ya mashine ya kuchimba jino iliyoendeshwa kwa kanyagio la mguu. Tofauti kati ya daktari wa meno wa Marekani na tabibu aliyekuwa Kwihara haikuwa tofauti ya elimu ya jumla ya tiba. Ilikuwa tofauti ya kile kilichoweza kubebwa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa kilo 30 hivi, na kila mzigo ulishindana na nguo, shanga, nyaya za shaba nyeupe na baruti, ambazo ndizo zilizonunua chakula na kulipia hongo njiani. Katika ushindani huo koleo la kung'olea lilishinda kwa urahisi. Lilikuwa dogo, halikuhitaji dawa wala maji wala mashine, na lilimaliza kazi kwa dakika chache. Seti ya kuziba isingeweza kushindana nalo.

Kwa upande wa pili wa biashara, njia ileile ilipeleka meno pwani. Pembe za ndovu ni meno ya mbele ya juu ya mnyama huyo, na meno ya kiboko yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Zanzibar. Hadi katikati ya karne ya 19, mafundi wa Ulaya na Marekani walichonga meno ya bandia kutokana na meno ya kiboko na ya ndovu, kabla ya mpira uliogandishwa kuchukua nafasi hiyo. Mpagazi aliyebeba jino la mnyama hadi Bagamoyo alirudi Unyamwezi bila chombo cha kuokoa jino lake mwenyewe.

4.0 Zana za Kuziba na Masharti Yake

Ili kuelewa kwa nini seti ya kuziba ilikuwa mzigo mzito, ni lazima kuangalia kazi ambayo kila zana hufanya. Zana ya mkono ya daktari wa meno ina sehemu tatu: mpini, shingo na ncha ya kazi. Shingo hupindwa ili ncha ikae karibu na mstari wa mpini, na kwa njia hiyo nguvu ya vidole haipotei. Greene Vardiman Black wa Chicago, aliyeishi kati ya 1836 na 1915, alizipanga zana hizi kwa nambari zilizoandikwa kwenye mpini. Nambari ya kwanza ni upana wa ubapa kwa sehemu za kumi za milimita, ya pili ni urefu wake kwa milimita, na ya tatu ni pembe yake kwa sehemu za mia za duara. Zana yenye alama 10-7-14 ina ubapa wa milimita 1 kwa upana na milimita 7 kwa urefu, uliopindwa kwa pembe ya sehemu 14. Kwa mpango huo, mtu wa mji wowote aliweza kuagiza zana ileile bila kuiona.

Mata iliyotawala kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 na 20 ilikuwa amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha na metali nyingine. Amalgamu hutiwa tunduni vipande vidogo vidogo. Kila kipande hushindiliwa kwa zana yenye ncha bapa ili zebaki ya ziada ipande juu na mapengo yasibaki. Baadaye huchongwa kwa zana yenye makali ili kurudisha mabonde na vilima vya jino, na mwisho husuguliwa kingo kwa zana yenye kichwa laini cha mviringo. Kila hatua ina zana yake na wakati wake, kwa kuwa amalgamu huanza kugumu ikiwa mkononi.

Sharti zito kuliko yote lilikuwa lingine. Amalgamu hainati kwenye jino. Inakaa kwa sababu tundu limekatwa kwa umbo la kuishikilia, likiwa na sakafu bapa, kuta zilizosimama na sehemu ya ndani iliyo pana kuliko mdomo. Umbo hilo hudai kukata hata sehemu nzima ya jino, na enameli nzima haikatwi kwa urahisi kwa mkono. Ndiyo maana mata hiyo iliihitaji mashine, mashine ikahitaji kanyagio na baadaye umeme, na umeme ukahitaji mji. Zana ndogo za kushindilia na kuchonga zingeweza kutoshea mfukoni, lakini hazikuwa na kazi pasipo mashine iliyotangulia kukata.

5.0 Reli, Hospitali na Kutawala kwa Koleo

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa mara ya kwanza kiti cha daktari wa meno, mashine ya kanyagio na masanduku ya dawa yangeweza kufika Unyanyembe bila kupimwa kwa bega la mtu. Lakini vita vilifuata upesi. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916, kisha utawala wa Waingereza ukaanza. Katika kipindi chote cha ukoloni huduma za meno zilikuwa chache na zilijikita mijini. Vijijini, aliyeshika koleo alikuwa tabibu wa jumla, mmisionari au msaidizi wake. Adrian Atiman, aliyesomea tiba Malta na kuhudumu Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956, anawakilisha kundi la wahudumu ambao peke yao walibeba magonjwa yote ya eneo zima.

Katika mazingira hayo kung'oa hakukuwa uzembe. Mgonjwa aliyetembea siku moja au mbili akiwa na maumivu alihitaji kuondoka na nafuu, na mhudumu asiye na mashine hakuwa na njia nyingine ya kumpa. Athari yake ilijengeka polepole katika fikra. Mgonjwa alijifunza kwenda kwa daktari wa meno pale tu maumivu yalipomshinda, na kufikia wakati huo tundu lilikuwa limefika kwenye mshipa, wala zana ya kuziba isingesaidia tena. Mhudumu, kwa upande wake, alizoea kwamba wanaokuja ni wa kung'olewa. Kila jino lililong'olewa lilithibitisha kwa pande zote mbili kwamba kazi ya daktari wa meno ni kung'oa.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali iliweka mkazo kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na vyuo vingine vilitoa matabibu wa meno wa ngazi ya kati. Wataalamu waliongezeka, lakini walipopelekwa mikoani walikutana na tatizo lilelile la msafara kwa sura mpya. Mashine iliyoharibika ilisubiri kipuri, umeme ulikatika, maji hayakutoka. Kilichobaki kikifanya kazi siku zote ni koleo.

6.0 Mbinu ya Mkono Iliyoanzia Tanzania

Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, Mholanzi aliyefundisha katika shule ya meno ya Dar es Salaam, alianza na wenzake kujaribu njia tofauti katika mpango wa huduma za msingi za afya ya kinywa. Badala ya kutafuta mashine imara zaidi ya kupeleka vijijini, waliuliza kama mashine inahitajika. Sehemu ya jino iliyooza huwa laini, hivyo huweza kuondolewa kwa kijiko kidogo chenye makali. Kinachodai mashine ni kukata sehemu nzima, na sharti hilo hutokana na mata isiyonata. Ikipatikana mata inayonata, sharti hilo huanguka.

Mata ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kubuniwa. Sementi ya polikaboksileti ilivumbuliwa mwaka 1968, na sementi ya glasi-ionoma, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent, ilitangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Majaribio ya kwanza ya Tanzania yalitumia polikaboksileti, na baadaye glasi-ionoma ikachukua nafasi yake. Glasi-ionoma huungana kikemia na jino lenyewe na hutoa floraidi taratibu pembezoni mwa kizibo. Mbinu hiyo ilijaribiwa kwa upana zaidi Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza katika Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994.

Zana zake zinahesabika. Kuna kioo cha mdomoni, kichokonoo na kibano. Kuna kishoka kidogo cha kupanua mdomo wa tundu kwa kuzungushwa na kuvunja enameli isiyo na kitu chini yake. Kuna vijiko vya ukubwa mbalimbali vya kukwangulia uozo, kuanzia pale enameli inapokutana na dentini. Kuna mwiko mdogo wa kuchanganyia unga na maji ya sementi. Mwisho kuna zana moja yenye ncha mbili: moja ya kutia sementi tunduni, nyingine ya kuchonga ziada. Kabla ya kuchonga, mhudumu hupaka mafuta ya mgando kwenye kidole chenye glavu na kuibonyeza sementi kwa nguvu hadi ianze kushika, ili iingie hata kwenye mifereji midogo ya jino. Mgonjwa huuma karatasi yenye rangi kuonyesha mahali palipozidi, panachongwa, kisha anaombwa asile kwa saa moja.

Kazi tatu zilizogawanywa kwa zana nyingi za amalgamu, yaani kushindilia, kuchonga na kulainisha, zimekusanywa kwenye kidole na ncha mbili za chuma. Seti nzima hutoshea kwenye mkoba na huweza kutakaswa kwa mvuke katika sufuria ya shinikizo juu ya jiko la kawaida. Mgonjwa hulazwa juu ya meza au benchi la shule, na mhudumu huketi nyuma ya kichwa chake. Kwa kuwa sehemu hai ya jino haikatwi, mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki, na sauti ya mashine inayowatisha watoto haipo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya njia ya Tabora, seti ya kuziba ililingana na koleo kwa uzito.

7.0 Kwa Nini Koleo Halijashindwa

Ingetarajiwa kwamba mbinu iliyoanzia nchini ingeenea nchini kwanza. Utafiti wa Emil Kikwilu na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu kliniki za meno za serikali zilizochaguliwa kwa majaribio, ulionyesha kwamba uzibaji uliongezeka baada ya wahudumu kufunzwa, lakini kung'oa kuliendelea kuwa tiba kuu kwa mbali. Sababu zinaweza kuelezwa kwa mtiririko uleule uliofuatwa katika insha hii.

Kwanza, uzito umehama kutoka kwenye zana hadi kwenye mata. Kijiko hununuliwa mara moja na hutumika kwa miaka, lakini sementi huisha, ina tarehe ya mwisho, na huagizwa kutoka nje. Kituo kilichokosa sementi kwa miezi michache hurudi kwenye koleo hata kama vijiko vipo kabatini. Kwa maana hii, kuingizwa kwa glasi-ionoma katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni hatua yenye uzito wa kihistoria, kwani kunaipa sementi hadhi ya dawa ambayo ghala la serikali linatazamiwa kuwa nayo.

Pili, zana ya mkono hudai kunolewa. Kijiko butu hupapasa uozo badala ya kuukwangua. Huacha ugonjwa chini ya kizibo, kizibo huanguka, na lawama huenda kwa mbinu. Jiwe la kunolea ni sehemu ya seti sawasawa na kioo, na mhunzi yeyote wa zamani wa Unyamwezi angelielewa hilo bila kufundishwa.

Tatu, mazoea ya kuchelewa hayajaondoka. Mbinu hii hufanikiwa zaidi kwa tundu dogo la upande mmoja wa jino, na haifai pale mshipa ulipokwisha kufikiwa. Mgonjwa anayefika kwa sababu ya maumivu tayari amevuka mpaka huo. Ndiyo maana mahali pake pa asili ni shuleni na kliniki za watoto, ambako tundu hukutwa kabla halijauma.

8.0 Hitimisho

Historia ya zana za kuziba meno katika njia ya Tabora haifuati mstari wa kawaida wa maendeleo, unaoanzia mkono na kuishia kwenye mashine. Mikono yenye ustadi wa kuchonga meno ilikuwapo kabla ya misafara ya pwani. Iliyokosekana ni mata inayonata, na kukosekana kwake kuliifanya kazi ya kuziba itegemee mashine ambazo mpagazi hakuweza kuzibeba, reli ilizileta kwa wachache, na umeme haukuzifikisha vijijini. Mata ilipobadilika, kazi ilirudi mikononi, na mabadiliko hayo yalianzia Tanzania.

Hitimisho hili lina maana kwa sera. Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu mikoa ya magharibi ni lini itapata mashine za kisasa za meno. Ushahidi wa kihistoria unaelekeza kwenye swali jingine: ni miezi mingapi katika mwaka ambapo mhudumu wa zahanati ya Sikonge, Urambo au Uyui ana sementi ambayo muda wake haujapita, kijiko kilichonolewa, na mtoto aliyeletwa kabla jino halijaanza kuuma. Mahali ambapo vitu hivyo vitatu havijakutana, koleo litaendelea kufanya kazi ambayo si yake.